Diski inakataa patisheni ya tano: nataka Windows 10 na Linux Mint kwenye kompyuta moja ya nyumbani

MwalimuIsevya (Jumamosi, saa 2:40 usiku)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu kabla sijaharibu kitu ambacho sitaweza kukirudisha.

Niko Tabora mjini, Isevya. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, HP iliyotumika, Core i3 ya kizazi cha pili, RAM GB 4, diski ya GB 500. Ndiyo kompyuta ya nyumba nzima. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na pia ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kinamama. Hesabu za hisa na mikopo ya wanachama 28 ziko kwenye programu ya Windows tuliyouziwa miaka ya nyuma, na haina toleo la Linux. Wanangu wawili wanasomea humo humo. Halafu kwenye D kuna picha za marehemu baba nilizozipiga skani moja moja kutoka kwenye albamu. Albamu yenyewe ilikuja kuliwa na mchwa, kwa hiyo zilizobaki ni hizo za kwenye diski tu.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yangu haifikii masharti ya Windows 11. Sitaki watoto waendelee kuingia intaneti kwa mfumo usioletewa tena viraka vya usalama. Nimeamua Windows ibaki kwa hesabu za kikundi tu, bila intaneti, na mambo mengine yote yahamie Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Mint nimeshaiwasha kwa flashi na imekwenda vizuri, hata printa imeitambua bila kuuliza kitu.

Kukata diski vipande, yaani patisheni, ndiko kulikonishinda. Nikifungua Disk Management naona Disk 0, GB 465.76, imegawanyika hivi kutoka kushoto: System Reserved ya MB 500, C ya GB 194, Recovery ya MB 530, kisha D ya GB 270. Jana usiku niliipunguza D kwa GB 80 na ikakubali. Pale mwisho pakatokea kipande chenye mstari mweusi kwa juu, kimeandikwa Unallocated. Nikabofya kulia ili nitengeneze patisheni mpya, likaja onyo refu kwamba diski itageuzwa kutoka basic kuwa dynamic, na kwamba mifumo mingine iliyomo haitaweza kuwaka. Moyo ukanidunda, nikabonyeza No.

Nikawasha kwa flashi ya Mint nijaribu kuinstoli huko. Kile kipande kinaonekana, lakini kimeandikwa "unusable", na kitufe cha kuongeza patisheni kimefifia, hakibonyezeki.

Nafasi ipo, naiona kwa macho. Kwa nini haitumiki? Na nikitaka itumike, picha na hesabu zangu zitakuwa salama? Natanguliza shukrani.

KijanaKaliua (Jumamosi, saa 3:05 usiku)

Pole dada. Diski yako ni MBR, mfumo wa zamani wa kuorodhesha patisheni. Igeuze iwe GPT, ambayo kwa Windows inabeba hadi patisheni 128. Fungua CMD kama msimamizi, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Hakuna data inayofutika. Laptop yangu nilifanya hivyo na inadunda mpaka leo.

Nzega_Mjini (Jumamosi, saa 3:31 usiku)

Mimi ningefuta hiyo Recovery. MB 530 zina faida gani? Ukiifuta unabaki na tatu, ya nne unaipa Mint.

FundiMwangaKigoma (Jumapili, saa 12:50 asubuhi)

Mwalimu, habari za Tabora. Mimi ni fundi, niko Kigoma hapa Mwanga, kazi hii niko nayo tangu 2004. Kabla ya yote, pongezi kwa kile kitufe cha No. Nimeletewa kompyuta nyingi ambazo mwenyewe alibonyeza Yes pale pale.

Nianze na swali lako la kwanza, maana ukilielewa hilo mengine utayaona mwenyewe. Diski ya MBR ina ukurasa wa mwanzo kabisa wenye baiti 512 tu. Utaratibu huo ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, wakati diski ya MB 10 ilikuwa kubwa. Ndani ya baiti hizo 512 imo programu ndogo ya kuwashia, na imo orodha ya patisheni iliyotengewa baiti 64. Kila patisheni inaandikwa kwa baiti 16: inaanzia wapi, ina urefu gani, ni ya aina gani. Gawa mwenyewe mwalimu, 64 kwa 16. Unapata nne, na hapo pameisha. Wewe unazo System Reserved, C, Recovery na D. Daftari limejaa. Hata ukiachia GB 400 tupu, hakuna mstari wa kuziandika, ndiyo maana Mint inakuambia hazitumiki.

Windows nayo iliona hivyo hivyo, ikakupa njia yake ya pembeni: kugeuza diski nzima kuwa dinamiki. Ungekubali, Windows yenyewe ingeendelea kuwaka na ungedhani mambo yamekaa sawa. Lakini instola ya Mint isingeweza tena kukata patisheni humo, na njia ya Windows ya kurudi nyuma inataka kwanza ufute kila kilichomo kwenye diski, pamoja na picha za baba.

Ndugu yangu wa Kaliua amesema kweli kuhusu GPT, na kwenye mashine mpya ningemuunga mkono. Hapa kuna vikwazo viwili. Hiyo mbr2gpt inakubali diski yenye patisheni za praimari, yaani zile zenye mstari wake kwenye daftari, zisizozidi tatu, na mwalimu anazo nne, kwa hiyo itakataa hata kuanza. Cha pili, Windows iliyo kwenye GPT inawaka kwa UEFI, utaratibu mpya wa kuwasha kompyuta; ule wa zamani unaitwa Legacy. Mwalimu, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, utafute mstari wa BIOS Mode. Kwa umri wa mashine yako nategemea utakuta Legacy. Mashine za kipindi hicho nyingine zina UEFI ya nusu nusu, na mimi nisingecheza hapo nikiwa na data ya watu mkononi.

Kufuta Recovery inawezekana, ila sikushauri. Ndiyo inayokusaidia Windows ikigoma kuwaka. Halafu ukiifuta, ya nne ukaipa Mint, umerudi kwenye daftari lililojaa; kesho ukihitaji kipande kingine unaanza upya.

Njia ninayokushauri ni hii: D iache kuwa praimari. Mstari wa nne wa daftari unaweza kuandikwa patisheni ya aina nyingine, ekstendedi, ambayo haihifadhi faili yenyewe ila inabeba patisheni nyingine ndani yake. Fikiria nyumba ya kupangisha pale Isevya. Mtaani ina namba moja, ukiingia ndani unakuta vyumba sita na kila mpangaji ana ufunguo wake. Vyumba hivyo ndivyo vinaitwa lojikali. D itakuwa chumba kimoja, Mint chumba cha pili. Linux inawaka kutoka kwenye lojikali bila shida. Windows ndiyo inayotaka faili zake za kuwashia zikae kwenye praimari, na hizo zako hatuzigusi.

Sasa kabla sijakupa hatua, nikueleze kilichonipata mwenyewe, kwa sababu sitaki kikupate.

Mwaka 2016 nililetewa kompyuta ya madrasa moja ya Ujiji. C ilikuwa imejaa, D ina nafasi tele. Wakaniomba niiongezee C. Ndani ya D mlikuwa na rekodi zao za kaswida na Maulidi za miaka mingi, zikiwemo za mwalimu wao mkubwa aliyekuwa ameshafariki. Nikauliza kama wana nakala, wakasema zipo kwenye flashi ya kijana mmoja aliyesafiri. Nikaridhika na jibu hilo. Nikafungua GParted, programu ya kukata patisheni, nikausogeza mwanzo wa D kwenda kulia ili C ipate upenyo. Sikiliza vizuri hapa: ukisogeza mwanzo wa patisheni, programu inalazimika kuhamisha kila faili iliyomo, kipande kwa kipande. Siyo kubadili mstari kwenye daftari, ni kuhamisha nyumba yenyewe tofali kwa tofali. Ilikuwa kazi ya zaidi ya saa nne. Nikaiacha inakwenda, nikaenda kuswali magharibi. Tuko kwenye rakaa ya mwisho taa zikazimika mtaa mzima. Nilijua kabla sijafika dukani. Sikuwa nimeweka hata UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika.

Nilikesha siku tatu na PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea. Inafukua faili kwa kutambua zilivyoanza, lakini majina haiyarudishi. Zilirudi rekodi nyingi, nyingine zimekatika katikati ya beti, zote zimeitwa herufi f na tarakimu. Tuliketi na vijana wa madrasa tukizisikiliza moja moja ili tuzipe majina. Ya yule mwalimu, ile ya Maulidi ya mwisho aliyoisoma, haikuonekana. Na yule kijana aliporudi, flashi yake ilikuwa na nyimbo chache tu. Nilikwenda mwenyewe Ujiji kuwaomba radhi. Walinipokea vizuri, wakanipa chai. Tangu siku hiyo sigusi diski ya mtu mpaka nakala niione kwa macho yangu, ikiwa kwenye kifaa kingine, na nimefungua faili mbili tatu kuhakikisha zinasoma.

Kwa hiyo mwalimu, kazi yako tutaipanga isiwe na kusogeza chochote. Kufuta D tupu na kuandika ekstendedi ni sekunde chache, kwa sababu kinachobadilika ni maandishi ya daftari. Ila lazima D iwe imeshahamishwa.

Kwanza afya ya diski. Washa Mint kwa flashi, fungua programu iitwayo Disks, chagua diski yako, tazama taarifa za SMART, ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Angalia hesabu ya sekta zilizohamishwa na ya sekta zinazosubiri. Zikiwa sifuri endelea. Zikiwa zinapanda, acha kukata kabisa, okoa data, weka akiba ya diski nyingine. Na kama kipato kinaruhusu hata sasa, SSD ndogo ya GB 240 kwa ajili ya Mint peke yake ndiyo njia nyepesi kuliko zote: unaichomeka kwenye waya wa pili wa SATA na diski ya zamani huigusi.

Kisha ndani ya Windows, fungua CMD kama msimamizi, andika powercfg /h off. Windows 10 ukiizima kwa kawaida huwa haizimiki yote; inajilaza nusu ili kesho iwahi kuwaka, na patisheni zake zinabaki kama mlango ulioegeshwa. Mint ikikuta hivyo inaweza kuifungua D kwa kusoma tu, au ikakataa kabisa. Watu wengi wanahangaika na hilo kwa wiki nzima wakidhani diski imekufa. Ukimaliza, andika chkdsk D: /f, halafu zima kompyuta kabisa.

Hamisha faili za D. Hesabu za kikundi zihifadhi mara mbili.

Washa flashi ya Mint. Kwenye menyu ya kuwashia, ukikuta flashi imeorodheshwa mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI, chagua ile isiyo na neno hilo. Windows yako ikiwa ya Legacy na Mint ukaiweka kwa UEFI, hazitaonana. Fungua GParted. Diski kubwa itakuwa sda na flashi sdb, lakini usiamini jina, amini ukubwa: GB 465 ndiyo yenyewe. Futa sda4, ndiyo D. Sasa una GB 270 tupu mfululizo. Tengeneza ekstendedi iliyomeza zote. Ndani yake tengeneza lojikali ya NTFS, muundo wa faili wa Windows, ya GB 190. GParted inahesabu kwa MiB, kwa hiyo andika 194560. Zilizobaki, kama GB 80, zifanye lojikali ya ext4, muundo wa faili wa Linux. Bonyeza alama ya kijani. Utaona D mpya inaitwa sda5 na ya Mint sda6. Lojikali huanza kuhesabiwa tano hata kama praimari hazijatimia nne.

Watakuja watakaokuambia utenge na /home, sehemu ya faili za mtumiaji. Siwapingi, kwangu nimetenga. Wewe faili zako zitakaa D ambako mifumo yote miwili inazisoma, basi patisheni moja ya Mint inakutosha. Swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa, usitenge, instola itatengeneza faili ya swapu yenyewe.

Fungua instola, chagua "Something else", ichague sda6, iwe ext4, sehemu yake iwe / peke yake. Kule chini panapouliza GRUB, programu inayokupa orodha ya mifumo kompyuta ikiwaka, iwekwe wapi, weka /dev/sda, bila namba. Kwenye orodha hiyo zimo pia zenye namba, na watu huzichagua kwa mazoea.

Kama una UPS iweke. Kama huna, azima. Ukikosa kabisa, fanya asubuhi ya siku ambayo umeme umetulia.

MwalimuIsevya (Jumapili, saa 9:20 alasiri)

Shikamoo mzee. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Poleni sana kwa yale ya Ujiji. Nimeyasoma nikakumbuka kwamba mimi nami nimekuwa nikisema "picha zipo kwenye kompyuta" kana kwamba hiyo ni nakala.

Nimeangalia: BIOS Mode ni Legacy kama ulivyosema. SMART sifuri zote mbili. SSD kwa sasa hapana, ada za muhula zimepita na kila kitu.

Nimekwama kwenye nakala. D ina faili za GB 61. Nina flashi ya GB 64, nikadhani itatosha, lakini Windows inaionyesha GB 59 na ushee. C ina GB 110 tupu. Je, nikinakili D yote kwenye C tu, si zitakuwa salama maana C hatuifuti?

FundiMwangaKigoma (Jumapili, saa 1:45 usiku)

Marahaba mwanangu. Flashi haijakupunja. Watengenezaji wanahesabu GB kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Bilioni 64 za mtengenezaji ndizo hizo 59.6 za Windows, kama diski yako ya 500 inavyosomeka 465.

Kuhusu C: weka huko nakala, ndiyo, itakurahisishia kurudisha. Lakini isiwe nakala pekee. C na D ni vyumba vya nyumba ile ile. Paa likianguka linaangukia vyote. Ukikosea mstari mmoja kwenye GParted, au diski ikachoka siku hiyo hiyo, zimekwenda pamoja.

Fungua D uangalie kinachokula nafasi. Kwenye kompyuta yenye watoto nategemea utakuta katuni na muvi. Hizo ziache C tu. Picha na hesabu ziende C na flashi pia. Na flashi ya nakala isiwe ile ya kuwashia Mint, maana kuandika Mint kwenye flashi kunafuta kila kilichomo. Ya Mint hata GB 8 inatosha.

Jambo moja nililolisahau asubuhi. Programu yenu ya kikundi data yake inasomwa kutoka wapi? Kama ni D, basi Windows ikirudi inaweza kuipa patisheni mpya herufi nyingine, na programu itasema haioni data. Usiogope ikitokea hivyo. Ingia Disk Management, bofya kulia hiyo patisheni, badilisha herufi iwe D.

MwalimuIsevya (Jumamosi iliyofuata, saa 7:10 mchana)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Katuni zilikuwa GB 22. Nikazitoa, zikabaki GB 39, flashi ikatosha na chenji. Nikafungua picha kumi za baba kutoka kwenye flashi, nikiwa nimeichomeka kwenye laptop ya mwalimu mwenzangu, siyo hii ya nyumbani. Zote zikafunguka. Kuna moja amesimama na baiskeli chini ya mwembe, na mikunjo ya picha ya karatasi inaonekana bado. Hiyo niliitazama mpaka mwisho kabla sijaenda mbele.

UPS nimeazima kwa jirani mwenye steshenari. Nimeanza leo saa moja na nusu asubuhi. Kufuta sda4 mkono ulitetemeka, lakini ni kweli mzee, alama ya kijani ilipobonyezwa hata dakika haikuisha. Nikatengeneza ekstendedi, ikachorwa mpaka unaozunguka kipande chote, na ndani yake sda5 na sda6 kama ulivyoandika. Kuinstoli Mint kulichukua kama dakika 25. GRUB nimeweka /dev/sda. Kompyuta ikiwaka sasa inatoa orodha, Mint juu na Windows chini.

Herufi ilikuwa F. Programu ya kikundi ilisema haioni data, na kama usingeniambia ningelia. Nikabadilisha kuwa D, nikarudisha faili, ikafunguka. Wanachama wote 28 wapo, salio linalingana na daftari la karatasi hadi shilingi ya mwisho.

Limebaki moja tu. Asubuhi niliingia Mint, nikaunganisha hotspoti ya simu, nikapakua masasisho. Nilipohamia Windows saa ya chini kulia ilikuwa inasoma saa moja na dakika kumi asubuhi, wakati watoto wako mezani wanakunywa chai ya saa nne. Nikairekebisha. Nikarudi Mint, ikaenda mbele saa tatu. Kwenye programu ya kikundi kila malipo yanagongwa muda, kwa hiyo siwezi kuliacha hivi. Nimeharibu kitu?

KijanaKaliua (Jumamosi, saa 7:32 mchana)

Hongera sana dada. Na mimi nimejifunza, sikujua mbr2gpt inakataa patisheni nne. Kuhusu saa, nadhani betri ya CMOS, ile ndogo ya kwenye ubao wa kompyuta, imekwisha.

FundiMwangaKigoma (Jumamosi, saa 8:15 mchana)

Hongera mwanangu, nimefurahi kweli kweli, hasa hilo salio.

Betri haihusiki, betri ikichoka saa inarudi miaka ya nyuma kabisa, haipotezi tatu kamili. Hiyo tatu ndiyo inayokuambia tatizo. Ubao wa kompyuta una saa yake ndogo. Mint inaiwekea saa ya dunia, UTC, kisha inajumlisha tatu kwa ajili ya Afrika Mashariki inapokuonyesha. Windows inaisoma saa ile ile kama ilivyo, ikidhani ni ya hapa hapa Tabora. Saa nne yenu asubuhi, UTC ni saa moja. Windows ikaonyesha saa moja. Ulipoirekebisha ukiwa Windows, uliandika saa ya Tabora kwenye ubao, Mint ikajumlisha tatu juu yake.

Inabidi zikubaliane, na ni rahisi zaidi kuifuata Windows. Ukiwa Mint fungua terminali, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakuomba nywila. Baadaye ukiandika timedatectl peke yake utaona onyo kwamba haipendi kuwekwa hivyo. Kwa kompyuta ya mifumo miwili liache. Kisha ingia Windows urekebishe saa mara hii moja ya mwisho. Malipo yaliyogongwa muda wa kimakosa leo, yatazame kabla hujafunga hesabu za mwezi.

MwalimuIsevya (Jumamosi, saa 11:05 jioni)

Nimeandika, nimezima na kuwasha mara nne, Mint, Windows, Mint, Windows. Saa zinalingana. Malipo yaliyogongwa vibaya yalikuwa mawili tu, nimeyarekebisha na kuweka maelezo pembeni.

Mzee, flashi ya picha nimeifunga kwenye bahasha, naipeleka kwa dada yangu Urambo akae nayo. Ile nyingine ya GB 8 yenye Mint jirani wa steshenari ameshaiomba.